Chakula cha kontena kinacholiwa saa saba

Watoto wangu watatu huondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Gari la shule hupita hapa Kireka, pembeni mwa Kampala, mapema ili kuiwahi foleni ya barabara ya Jinja, na kengele ya chakula cha mchana hulia saa saba. Kwa hiyo chakula ninachokifunga kwenye kontena, yaani kile kibakuli chenye kifuniko cha kubebea chakula, nje kukiwa bado giza hukaa ndani ya mkoba karibu masaa saba kabla mtoto hajafungua kifuniko. Mapishi yangu yote ya shule yanaanzia kwenye hesabu hiyo. Chapati inayonukia alfajiri haimsaidii mtoto ikiwa mchana imeshakuwa ngumu, na mtoto hali kwa sababu tu mama yake aliamka mapema kupika. Anakula kwa sababu chakula ni kitamu pale alipo, kwa dakika chache alizonazo, mbele ya wenzake.

Nimekulia kota za polisi Naguru, ambako kila nyumba ilikuwa na kabila lake na Kiswahili kilikuwa chetu sote. Chakula nacho kilikuwa chetu sote: posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, nyumbani na shuleni. Sikidharau hata kidogo, kimetulea. Shule ya wanangu nayo hupika posho na maharage, na mzazi huchagua alipie au afunge kutoka nyumbani. Mimi nafunga kwa sababu wa kati, aliye P3 (darasa la tatu), alikuwa akionja tu na kuiacha sahani, kisha anarudi jioni kichwa kinamuuma kwa njaa. Mtoto mwenye njaa hasomi. Mwalimu anaweza kuwa bingwa, lakini saa nane mchana mtoto wa hivyo haoni kinachoandikwa ubaoni.

Utaratibu wangu ni huu. Chakula kipya hakiingii kwenye kontena la shule mpaka kwanza kipite Jumamosi. Nakipika alfajiri kama siku ya shule, nakifunga kama siku ya shule, nakiweka kwenye mikoba yao pale sebuleni na hatukigusi mpaka saa saba. Kisha tunakaa mkekani na kukila kilivyo, bila kukipasha. Watoto wanasema ukweli Jumamosi kuliko Jumatatu jioni, kwa kuwa chakula kiko mdomoni wakati huo huo.

Jumamosi hizo zimenifundisha mengi. Posho ikipoa hushikamana na kukauka juu, na mchuzi hauwezi kuirudisha. Chipsi zinalegea na kunywa mafuta yake zenyewe. Matoke yakipoa hukakamaa na kuwa meusi meusi, na hata mtoto anayeyapenda usiku atayasukuma pembeni mchana. Jirani yangu, mama mmoja wa Masaka, alinisikia nikiyasema hayo akashika kiuno. "Nnyabo," yaani mama, akaniambia, "wewe unayatoa kwenye jani! Yaache na jani lake, uyatie yote kwenye hotipoti." Nilifanya hivyo Jumamosi iliyofuata, na kweli, jani la mgomba linashika unyevu na harufu, na matoke yalifika saa saba yakiwa laini na ya moto. Inahitaji hotipoti kubwa, ambayo mtoto wa nasari hawezi kuibeba, kwa hiyo kwangu ni chakula cha binti yangu mkubwa peke yake. Ila shukrani zote ni za jirani.

Chapati ndiyo nguzo ya nyumba hii. Unga nauchanganya usiku kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, naongeza boga lililochemshwa na kupondwa, kisha naufunika na kuuacha frijini. Boga linafanya kazi mbili: linaipa chapati rangi ya manjano ambayo watoto wanaifurahia, na linaifanya ibaki laini mpaka mchana. Asubuhi nasukuma, nakunja, nasukuma tena, nachoma. Baada ya hapo linakuja jambo ambalo wengi huliruka: chapati lazima ipoe kwanza. Natandaza kwenye ungo, moja moja, nikiwa nawavalisha watoto soksi. Ukiifunga ingali moto, mvuke wake unageuka maji ndani ya kontena, na saa saba mtoto anakuta kitu kinachonata vidoleni. Ikishapoa naifunga kwa kitambaa safi cha pamba, kontena linafuata.

Rolex, ile chapati iliyokunjwa na yai ndani, wanaipenda wote watatu, na nani asiyeipenda katika mji huu? Lakini rolex ya barabarani pale Wandegeya imetengenezwa iliwe umesimama palepale. Ya shule naibadilisha kidogo. Nyanya naitoa kabisa kwa sababu ya maji yake, naweka kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti na kitunguu, na yai nalikaanga mpaka liive pande zote, lisibaki na ute popote. Kisha naiacha ipoe, naikunja, naikata vipande vya kushikika kwa mkono mmoja.

Hapa lazima niseme juu ya usalama, maana tumbo la mtoto si la kufanyia majaribio. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida: cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi kibaki chini ya nyuzi 5. Masaa saba ndani ya mkoba, darasani, Kampala, ni mbali sana na saa mbili. Kwa hiyo kila kilichopikwa na chenye unyevu nakipa njia moja kati ya mbili. Cha moto kinakwenda kwenye hotipoti nzuri. Cha baridi kinatoka frijini na kulala ubavuni mwa chupa ya juisi ya pasheni niliyoigandisha usiku kucha. Chupa siijazi mpaka juu, kwa kuwa barafu huvimba na kupasua. Naizungushia kitambaa pamoja na kontena, na kufika mchana juisi imeyeyuka vya kutosha kunyweka, bado baridi, na mtoto anaona amepewa zawadi. Asiyekuwa na friji, au siku ambayo umeme ulikatika usiku, afunge vikavu: mkate, karanga, maandazi, ndizi, bisi. Siku moja ya vikavu haimdhuru mtoto. Yai lililokaa kwenye joto linaweza.

Hotipoti nayo ina adabu zake. Kabla ya kutia chakula, naijaza maji yanayochemka, naifunika, naiacha kama dakika kumi wakati mchuzi unamalizika jikoni. Namwaga maji, natia chakula kikiwa kinachemka, na najaza mpaka karibu na kifuniko, kwa sababu nafasi tupu ndani yake hula joto. Hotipoti kubwa yenye chakula kidogo chini itapoa kabla ya kipindi cha tatu. Watoto wanajua kwamba haifunguliwi mapumziko ya saa nne na nusu, hata kwa kuchungulia.

Ndani yake, chakula wanachokipenda kuliko vyote ni kikomando. Kwa msomaji asiye wa huku: ni chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula cha vijana wa mjini wenye haraka na pesa kidogo. Mimi sichanganyi. Maharage yanakwenda kwenye hotipoti, vipande vya chapati vinakwenda kwenye kontena dogo, na mtoto anachanganya mwenyewe mezani. Kama nikichanganya asubuhi, chapati inalowa na kuwa uji. Akichanganya mwenyewe, kila tonge lina chapati yenye uhai wake, na zaidi ya hapo, anajiona mpishi. Wa kati, yule aliyekuwa anaiacha sahani ya maharage shuleni, anayamaliza maharage haya. Maharage ni yale yale, nambale za sokoni. Nayaloweka asubuhi, nayachemsha jioni, nayaweka frijini, na alfajiri nayaunga kwa kitunguu, nyanya na karoti iliyokwaruzwa mpaka yachemke sawasawa. Chumvi kidogo. Mchuzi uwe mzito, usitembee.

Nikifunga maharage, sikosi kufunga chenza, zile mangada zinazojaa sokoni Nakawa, au kipande cha embe au nanasi. Sababu ni madini ya chuma. Chuma kilichomo kwenye maharage mwili haukichukui kwa urahisi, lakini vitamini C ya matunda hayo inausaidia kukichukua. Chai inafanya kinyume chake. Ndiyo maana nimeondoa fulaski ya chai kwenye chakula cha mchana; chai ya maziwa watakunywa jioni nyumbani. Najua wazazi wengi wanaona mtoto hajashiba bila chai. Jaribu kuihamishia jioni tu, usimnyime.

Kwa mapumziko ya saa nne na nusu, mfalme wa nyumba yangu ni kiazi kitamu cha rangi ya chungwa. Nakichemsha jioni na maganda yake, kinalala frijini, asubuhi namenya na kukata vipande virefu vya kushika. Kiazi hiki kikiwa baridi ni kitamu kuliko kikiwa moto, sukari yake inatulia na hakishikamani kooni. Watoto wanakila kwa kukichovya kwenye odii, ule uji mzito wa simsim na karanga ambao mama yangu hunitumia kutoka Gulu. Muungano huo una maana zaidi ya utamu: rangi ile ya chungwa ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini, na mwili unahitaji mafuta kidogo ili kuipokea, nayo odii ina mafuta ya kutosha.

Na hiki ni kiazi chetu, nalisema kwa fahari. Mbegu za Kabode na Vita zilitolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2007, na Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda aliyefanya kazi ya miaka mingi kuzalisha viazi vya aina hii, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu. Nilimsimulia binti yangu habari hiyo tukimenya viazi, na kesho yake akaenda kuwaeleza rafiki zake kwamba chakula chake kimeshinda tuzo. Sokoni uliza wauzaji wenyewe; vya rangi ya chungwa haviko kila siku, na vikiwepo huisha mapema.

Kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, nafanya wikiendi, na watoto ndio wanaoponda ndizi. Ndizi zile ndogo tamu, zilizoiva mpaka ganda limekuwa na madoa meusi, unga wa muhogo, basi. Usiongeze sukari, ndizi inatosha. Gonja, ile ndizi kubwa tamu ya kupika, ikichomwa nayo ni nzuri kuliko ya kukaanga kwa safari ya mkobani.

Karanga nachagua mwenyewe, punje kwa punje, kwenye ungo. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi naitupa, na ikiwa chungu mdomoni naitema. Sumu inayoachwa na kuvu kwenye karanga haimalizwi na moto wa kukaanga, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia kuzichoma sana kunazisafisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona tunalizungumza kidogo mno, nalo ni aibu. Binti yangu mkubwa yuko P6. Mukene, wale dagaa wa ziwani, anawala nyumbani vizuri sana, na mimi nilifurahi kuwafunga kwa sababu wanaliwa na mifupa yao yote na mifupa hiyo ina kalisi. Nikawakaanga wakauka, nikakamulia ndimu. Jumamosi walipita mtihani. Jumatatu kontena lilirudi limefungwa kama nilivyolifunga. Hakutaka kusema, nikamwacha. Usiku, tukiosha vyombo, akaniambia: "Mama, nikifungua, wote wanageuka." Ilitosha. Mtoto wa miaka kumi na moja akichekwa kwa sababu ya harufu, hatakula, na siku nyingine ataficha hata chakula kisicho na harufu. Wapo wazazi wanaosema mtoto afundishwe kutoona haya kwa chakula cha kwao. Nakubaliana nao, na nyumbani mwangu mukene wana heshima yao mezani. Lakini somo hilo nalifundisha nyumbani, jioni, mtoto akiwa ameshiba. Simpelekei akalifanyie mtihani peke yake katikati ya wenzake arobaini akiwa na njaa. Mukene wetu wamehamia chakula cha usiku. Wengine nawasaga unga na kuuchanganya kwenye mchuzi wa karanga, na hakuna anayegeuka.

Upande wa pili wa aibu ni mtoto asiye na kontena kabisa. Sheria ya Elimu ya 2008 imeliweka jukumu la kumlisha mtoto mikononi mwa mzazi, na tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997 watoto wengi wamekaa darasani bila ada huku matumbo yakiwa matupu, kwa sababu mzazi hana. Hata katika shule ya kulipia kama ya wanangu, wapo. Mzazi amechelewa kulipia chakula, au kazi imekatika, na mtoto anakwenda kukaa uwanjani wakati wa kula ili asionekane. Wanangu walianza kurudi wakisema hawakushiba, na nilipouliza kwa upole nikagundua walikuwa wanamegeana na wenzao. Siwezi kumkataza mtoto jambo hilo, na sitaki. Kwa hiyo nazidisha: chapati moja ya ziada, vipande vichache vya kiazi. Chapati ya ziada nyumbani hainitoi damu, unga ni ule ule. Na naifunga pembeni, ili mtoto aweze kuitoa bila kuhesabu. Lipo tahadhari moja tu. Kwa kuwa chakula chetu kinafika kwenye midomo mingine, nilimwambia mwalimu wa darasa kwamba karanga na simsim zimo mara nyingi, maana kuna watoto ambao miili yao haivumilii karanga na hatari yake ni kubwa. Naye alinishukuru, akauliza wazazi wengine.

Kitinda mimba yuko nasari, na kwake mambo ni tofauti kidogo. Mtoto wa miaka minne hula kwa vidole, kidogo kidogo, na anasahau kula akiona mwenzake na mdoli. Kila kitu chake ni cha ukubwa wa tonge: chapati iliyokunjwa na kukatwa visahani, kiazi, ovakado iliyopondwa na ndimu ndani ya mkate ili isibadilike rangi, fenesi lililotolewa mbegu. Kubwa zaidi kwake ni kifuniko. Nilinunua kontena lake baada ya kumpa alifungue pale pale dukani. Mwalimu wa nasari ana watoto wengi wa kuwafungulia, na anayengoja zamu hupoteza dakika za kula.

Jioni siwaulizi kama walikula. Nafungua makontena. Kontena linalorudi na kingo za chapati linaniambia nilichoma sana. Maharage yaliyobaki chini na chapati imeisha, basi chapati ilikuwa chache. Chenza lililorudi zima halijamenywa, na kesho yake nalimenya nusu ili kidole kipate pa kuanzia. Kisha naosha papo hapo kwa maji moto na sabuni, natoa na ule mpira wa kifuniko kuusugua, kwa kuwa ndimo harufu inamojificha, na naacha vyote wazi vikauke usiku.

Kinachonishinda mpaka leo ni muhogo. Wote watatu wanaupenda ukiwa moto na chumvi, lakini ukichemshwa asubuhi, saa saba umekuwa mgumu, na kwenye hotipoti unatoa maji na kulegea. Nimejaribu kuukaanga baada ya kuuchemsha, ukawa nafuu, ila si sana. Jumamosi hii nitajaribu kuuponda ungali moto na kitunguu na yai, niuviringe, niukaange. Kama kuna mama au baba aliyeupatia muhogo wa kontena, aniambie aina anayonunua na anavyoupika, hata kama ni kwa maneno matatu.